Kipimo cha zinki kinasoma rangi vizuri. Je, kinasoma upungufu?

Mwaka 2019 timu ya Mark Styczynski wa Georgia Tech, Marekani, ilichapisha kwenye jarida la Science Advances kipimo cha zinki kilichobuniwa kwa baiolojia sintetiki. Wazo ni hili: chukua mitambo ya bakteria E. coli inayosoma DNA na kutengeneza protini, umwache bakteria mwenyewe. Ongeza DNA inayoitikia zinki, kausha, kisha tia sampuli. Rangi inakwenda kati ya njano na zambarau kufuatana na kiwango cha zinki. Unasoma kwa macho tu.

Tuwape sifa yao kwanza. Damu za watu hazifanani, na vitu vilivyomo vinaweza kuvuruga utengenezaji wa protini. Zinki ileile ikatoa rangi mbili kwa watu wawili! Wao wakatumia sampuli ya mgonjwa mwenyewe kutengeneza hata rangi za kulinganishia. Yaani kila mtu anapimwa kwa rula iliyotoka kwenye damu yake. Hapo wamecheza kama Pele.

Sasa tuje kwenye matatizo. Kwanza, kipimo kinatumia seramu, yale majimaji unayopata damu ikishaganda na kutenganishwa. Kijijini nani atayatenganisha? Kipimo kinabebeka, maandalizi yake bado.

Pili, na hili ndilo zito: zinki ya kwenye seramu hushuka mtu akiwa na maambukizi, na hushuka pia baada ya kula. Mtoto mwenye homa anaweza kutoa rangi ya upungufu wakati mwilini mwake zinki inatosha. Ndiyo maana wataalamu wa lishe huitumia zaidi kujua hali ya jamii nzima kuliko ya mtoto mmoja. Na anayeharisha hasubirishwi kipimo: mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri apewe zinki, miligramu 20 kwa siku (10 akiwa chini ya miezi 6), kwa siku 10 hadi 14.

Basi kipimo hiki kinamfaa nani? Kwa maoni yangu, timu za tafiti za lishe, zinazosafirisha sampuli kwenye ubaridi hadi maabara ya mbali. Ila kiambatane na kipimo cha CRP, protini inayopanda mwili ukipambana na maambukizi. Bila hiyo, tutahesabu homa tukidhani tunahesabu njaa.