Trauma: Ni kiwewe au ni jeraha?

Siku hizi neno trauma limejaa midomoni mwetu. Daktari wa upasuaji analitumia, mshauri nasaha analitumia, na kijana wa Kisauni aliyeona timu yake ikifungwa mabao manne naye atakwambia, "Hiyo mechi imenipea trauma!" Wanaolitafsiri kwa Kiswahili wamezoea kuandika kiwewe kila wanapolikuta. Naona mazoea haya yanafaa kuhojiwa, maana yanaweza kumpotosha mtu anayehitaji msaada.

Tuanze na asili. Trauma ni neno la Kigiriki lenye maana ya jeraha. Wapasuaji wa Ulaya walilitumia kwa maana hiyo hiyo: nyama iliyochanika, mfupa uliovunjika, dhara lililoletwa na nguvu ya nje. Katika karne ya 19 ndipo likaanza safari ya kutoka mwilini kwenda nafsini. Mwaka 1866 mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha kitabu kuhusu watu walionusurika ajali za treni. Baadhi yao hawakuwa na alama kubwa mwilini, ila walikuwa hawalali wala hawawezi tena kazi zao. Erichsen alidhani uti wa mgongo ndio ulioathirika. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Oppenheim akalihusisha neno hilo na maradhi ya neva, na mwaka 1895 Breuer na Freud wakaliweka kwenye kumbukumbu zinazomtesa mtu. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta askari waliotetemeka bila kuguswa na risasi. Hatimaye, mwaka 1980, madaktari wa akili wa Marekani wakaiingiza hali hiyo rasmi katika mwongozo wao wa maradhi.

Kwa hiyo neno moja sasa lina kazi mbili. Je, kiwewe kinaweza kazi hizo?

Ile ya kwanza hakiiwezi kabisa. Mchukue mama wa Likoni ambaye mwanawe amegongwa na bodaboda. Akiambiwa mtoto ana "kiwewe cha kichwa", ataelewa kwamba amerukwa na akili. Ataanza kuulizia njia ya wodi ya magonjwa ya akili, na huku mtoto anavuja damu ndani ya fuvu. "Mama, mtoto ameumia kichwani, ana jeraha ndani." Maneno hayo yanatosha, na hayahitaji kamusi.

Kazi ya pili ina utata zaidi, kwa sababu kiwewe kweli ni neno la nafsi. Lakini hebu tuangalie vitenzi vinavyoandamana nalo. Mtu hushikwa na kiwewe, huingiwa na kiwewe, kisha kiwewe humtoka. Ni bumbuazi la papo hapo: macho yamekodoka, mtu hajui akimbilie wapi. Jeraha, kwa upande mwingine, mtu hulipata, huliuguza, na huishi nalo.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata zikawahamisha maelfu ya watu makwao. Waliokuwa wakipiga mayowe majini, au wakikimbia usiku na watoto mgongoni, walishikwa na kiwewe. Lakini aliyenusurika, kisha miaka ikapita na bado moyo unamwenda mbio kila feri inapoondoka gatini, huyo kiwewe kilishamtoka zamani. Tukimwambia ana kiwewe, tunamwambia kwamba shida yake ni ya kupita, atulie tu. Pengine ndivyo majirani walivyomwambia, na ndiyo sababu hakutafuta tiba.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya vitabu vya Ulaya kutufikia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyoka hayupo, na jino lilishatoka, ila mshtuko umebaki. Methali nyingine ni kali zaidi: mwenye kovu usidhani kapowa. Zote mbili zinaanzia mwilini na kuishia nafsini, njia ile ile iliyopitwa na neno la Kigiriki.

Ndiyo maana napendekeza jeraha. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi huo huo ndio unaozaa jina la upasuaji na la mpasuaji, kwa hiyo hospitalini si mgeni. Tena halilingani na kidonda: kidonda chaweza kuota chenyewe, ila jeraha huletwa na kitu cha nje, iwe kisu, ajali au tukio la kutisha. Tuseme jeraha la mwili na jeraha la nafsi. Kiwewe tukiachie saa ile ya tukio lenyewe.

Wapo watakaosema kiwewe kimeshazoeleka vyuoni na magazetini, na kwamba maneno hupanuka maana. Ni kweli, hupanuka, na sitamkemea anayelitumia katika uhakiki wa riwaya. Lakini kwenye kibao cha hospitali, kwenye fomu ya mgonjwa na redioni baada ya ajali, msikilizaji hana nafasi ya kukisia. Hapo atajwe jeraha, na asemwe liko wapi.