Kufumua Mkeka

Katika orodha fulani, Zanzibar imepakana na Jakarta. Panga sehemu zote za dunia kwa latitudo, kama majina kwenye daftari la mahudhurio, utakuta Mji Mkongwe umekaa bega kwa bega na katikati ya mji mkuu wa Indonesia: kote kuwili ni karibu digrii 6.2 kusini mwa Ikweta. Kisiwa cha Chumbe, kinachofikika kutoka Mji Mkongwe kwa mashua asubuhi moja, kitakuja nyuma yao.

Hapo ndipo mafundi wa kanzidata hukwama. Faharisi ni mstari mmoja uliopangwa, ndiyo maana hupata kitu upesi bila kupekua kila kilichomo. Dunia nayo imetandazwa. Anayetafuta bodaboda ya karibu anauliza habari za mkeka, na mashine inazo habari za ukili tu.

Waliokaa na wasuka mikeka wanaujua ukili: utepe mwembamba unaosukwa kwa miyaa siku nyingi, ukaviringishwa, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu hadi ukawa mkeka. Fundi wa kanzidata hufanya kinyume. Anaufumua mkeka uwe ukili tena, na kazi yake yote ni kuhakikisha waliokuwa jirani hawapotezani.

Namna moja ya kufumua aliieleza G. M. Morton wa IBM mwaka 1966. Mwaka 2008 Gustavo Niemeyer alitoa Geohash, ya ukoo huohuo. Tuitazame kwa karibu, tukianzia Posta, Dar es Salaam. Je, ni mashariki ya Greenwich? Ndiyo: andika 1. Ni kaskazini ya Ikweta? Hapana: 0. Rudi kwenye longitudo: imevuka digrii 90? Hapana: 0. Latitudo tena: kati ya Ikweta na ncha ya kusini, imo katika nusu iliyo karibu na Ikweta? Ndiyo: 1. Longitudo imevuka 45? Hapana: 0. Umepata 10010, yaani 18, na katika jedwali la alama 32 namba hiyo ni herufi k. Endelea hivyo, miyaa ya longitudo ikipishana na ya latitudo, utapata kyg. Ukifika herufi ya saba, kwetu huku karibu na Ikweta, umeshabana mraba wa takriban mita 150 kila upande.

Sasa tazama orodha ilivyojipanga. Mji Mkongwe na Chumbe nao wanaanza na kyg, kama Posta. Jakarta imeangukia kwenye q, mbali kabisa. Ukitaka eneo pana zaidi, kata herufi ya mwisho tu.

Lakini mkeka una mshono. Nenda Nanyuki, usimame penye kibao cha Ikweta, mguu mmoja kila upande. Mguu wa kusini uko kwenye k, wa kaskazini uko kwenye s. Ndivyo ilivyo hata kwa ukili: sehemu mbili zinazogusana kwenye mshono zinaweza kuwa mbali sana ukiufumua. Hakuna ufumuaji unaoepuka hilo, na fundi halifichi. Akitafuta, huchukua mraba wako pamoja na minane inayouzunguka, kisha hupima umbali halisi na kuwatupa walio mbali.

Wakati ni muwaa wa tatu, na una ukaidi wake: dunia ina kingo, wakati hauna. Huwezi kukigawa nusu kwa nusu kitu kisichoisha. Kwa hiyo programu ya GeoMesa kwa kawaida huukata kwa wiki, na ndani ya kila wiki husuka vitatu pamoja: longitudo, latitudo na saa. Anayeuliza ni vyombo gani vilipita Nungwi usiku wa Jumanne hufunguliwa bunda la wiki moja tu, mengine yakabaki yamefungwa.

Rudi Nanyuki penye kibao, uite bodaboda kwa simu. Kijana aliyeegesha hatua tano ng'ambo ya Ikweta, ambaye faharisi imemwandika kwenye herufi nyingine kabisa, atawasha pikipiki aje. Mshono ameshaukumbuka mtu mwingine kwa niaba yenu.