Taa za polisi kwenye Get Out

Kama hujaangalia Get Out ya Jordan Peele (2017), ishia hapa, maana nakuharibia mwisho.

Chris, kijana mweusi, ametoroka nyumbani kwa wazazi wa mpenzi wake. Yuko barabarani usiku, damu mwilini, na Rose, mpenzi mwenyewe, mzungu, amelala chini kapigwa risasi. Ghafla zinawaka taa kama za polisi. Kwenye filamu nyingi za kutisha hapo ndipo unashusha pumzi. Hapa roho inakuruka.

Wachambuzi wengi hukimbilia kwa Stuart Hall. Mwaka 1973 alieleza kwamba mtengenezaji husimba maana, na mtazamaji anapoisimbua anaweza kuikubali, kujadiliana nayo au kuipinga. Basi utasoma eti anayeogopa taa zile "anapinga". Anapinga nini jamani? Hofu hiyo Peele ndiye aliyeipanga! Hall alikuwa anachambua televisheni, ambako maana inayopendelewa kwa kawaida huegemea upande wa wenye nguvu. Peele kaigeuza: anayeona taa zile ni wokovu ndiye anayesoma kinyume, na pengine hata hajui.

Peele alipiga pia mwisho mwingine, polisi wa kweli wanafika na Chris anaishia gerezani. Akauacha. Kwenye filamu tuliyoiona anashuka Rod, rafiki yake, afisa usalama wa uwanja wa ndege. Kwangu mwisho huu ndio mkali zaidi: kicheko cha kumwona Rod hakiji kama sekunde chache nyuma hukuwa umeshamfunga Chris kichwani mwako.