Fundo Linaloonekana

Ukishuka ufukweni Pweto asubuhi, kabla jua halijakaza, utawakuta mafundi wa nyavu wameketi mchangani, pindo la wavu limenaswa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya kushonea mkononi. Mbele yao ni Ziwa Mweru. Hapo karibu mto Luvua unatoka ziwani na kuanza safari yake ndefu ya kwenda kukutana na Lualaba. Fundi hana haraka. Huupitisha wavu wote vidoleni, tundu baada ya tundu, hata mahali ambapo jicho lingesema ni pazima. Akifika palipochanika hakimbilii kufunga. Kwanza hukata nyuzi zilizokwisha nguvu pembezoni, mpaka pengo linakuwa kubwa kuliko alivyolikuta, ndipo anaanza kulijaza, fundo kwa fundo, akipima kila tundu kwa kidole ili lilingane na wenzake. Akimaliza, mahali pale panajulikana. Uzi mpya hung'aa kando ya uzi mkuukuu.

Nilipokuwa mtoto nilidhani wavu wenye mafundo mengi ni wavu mbovu. Baba mdogo, aliyekuwa mvuvi, alinifundisha kinyume. Akiletewa wavu wa zamani aununue, kitu cha kwanza alichotafuta ni mafundo ya matengenezo, apate kujua kama aliyekuwa nao aliutunza.

Sasa naishi Lubumbashi, na vijana wa kanisa letu huniletea swali ambalo sisi hatukuthubutu kuwauliza wazee wetu. Biblia imenakiliwa kwa mkono karne na karne, imevuka lugha nyingi, na huku kwetu ilifika wakati mmoja na bunduki za wazungu. Tutajuaje kwamba hii tunayoishika ndiyo ile? Swali hilo halina utovu wa adabu. Mtu anayetaka kuongozwa na kitabu maisha yake yote ana haki ya kujua kilipitia mikononi mwa nani. Kwa hiyo siwakemei. Nawasimulia habari za mafundi.

Wa kwanza hatumjui jina. Aliishi zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, na kazi yake ilitoka gizani mwaka 1947, wachungaji wa Kibeduini walipoingia katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Miongoni mwa magombo waliyoyakuta mlikuwa na kitabu kizima cha Isaya: vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wa zaidi ya mita 7, safu 54 za maandishi. Kabla ya hapo, nakala kamili ya Agano la Kale la Kiebrania ambayo wasomi waliitegemea ilikuwa ile iliyokamilishwa mwaka 1008, inayohifadhiwa Saint Petersburg. Ghafla wakarudishwa nyuma zaidi ya miaka 1000. Kama kitabu kiligeuzwa njiani, hapo ndipo kingeumbuka. Wakakaa, wakalinganisha neno kwa neno. Tofauti walizikuta, na si chache: nyingi ni za tahajia, pengine neno moja, pengine zaidi. Lakini aliyesimama mbele yao alikuwa Isaya yule yule, na yule mtumishi anayeteseka alikuwa pale pale, sura ya 53.

Linalonivuta mimi zaidi liko sura ya 40. Nabii anasema habari za nyasi na maua yanayonyauka, kisha anayarudia maneno hayo kabla ya kuyaweka kando ya neno la Mungu ambalo halipiti. Kurudia huko ni mtego kwa mnakili. Jicho hutoka kwenye ngozi ya zamani, huenda kwenye ncha ya kalamu, na linaporudi linaweza kutua kwenye nyasi za pili badala ya za kwanza. Ndivyo ilivyotokea. Mnakili akaruka maneno. Baadaye mkono mwingine, wenye mwandiko wake, ukaliona pengo. Ukayaandika yaliyorukwa juu ya mstari, na nafasi ilipokwisha ukaendelea kushuka nayo pambizoni mwa safu. Haukuikwangua ngozi ili kuficha, wala haukuitupa ili mwenzake asiaibike. Fundo limeachwa lionekane kwa zaidi ya miaka 2000, tena mahali hasa panapozungumzia neno lisilonyauka.

Wako wahubiri wanaoiogopa habari hii. Wanadhani muumini akijua kwamba mnakili alikosea, imani yake itaanguka. Mimi imani yangu iliongezeka siku nilipoijua, kwa sababu mahali ambapo kosa limeonekana na kurekebishwa, hapo palikuwa na mtu anayekagua.

Ukaguzi huo baadaye uligeuka kuwa kazi ya vizazi. Tiberia, mji ulio ufukweni mwa Ziwa la Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10, walikuwako wasomi wa Kiyahudi wanaoitwa Wamasoreti. Maandiko yalikuwa ya konsonanti tupu. Wao wakaweka alama za irabu juu na chini ya herufi, ili matamshi yasipotee, bila kuigusa herufi yenyewe. Walihesabu. Walijua neno fulani linatokea mara ngapi na aya ipi iko katikati ya kitabu, wakayaandika hayo pambizoni kwa herufi ndogo sana. Palipokuwa na neno ambalo mapokeo yalitaka lisomwe vingine, hawakulifuta. Waliliacha lilivyo, na lile la kusomwa wakaliweka pembeni. Nikifikiria watu waliohesabu hivyo kwa mwanga wa taa ya mafuta, nikafikiria nami ninavyoperuza zaburi huku nikingoja zamu ya kuhubiri, naona haya.

Kutoka Tiberia hadi Luanza ni mbali, ingawa Luanza nao ni mji wa ziwa. Uko upande wa magharibi wa Mweru, katika eneo letu la Pweto. Dan Crawford, mmisionari Mskoti aliyezaliwa Gourock mwaka 1870, aliondoka kwao mwaka 1889, na mwaka uliofuata akafika Bunkeya kwa Msiri, mfalme wa Wayeke, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi. Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliokuja kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold. Bunkeya ikatawanyika. Wengi wa waliotawanyika walimfuata Crawford mpaka Mweru, naye akapata jina, Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Miaka 22 hakurudi Ulaya hata mara moja. Kitabu chake cha mwaka 1912, Thinking Black, kina maneno ambayo Mwafrika akiyasoma leo atakunja uso, na sina nia ya kuyatetea. Hata hivyo mtu huyo alielewa jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulielewa: lugha aliyoikuta hapa ilikuwa tajiri, na ni yeye aliyetakiwa kukaa chini afundishwe.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Unataka kuandika Injili kwa Kisanga, lugha ambayo wataalamu huiita Kiluba-Sanga, na kila jina katika lugha hiyo lina ngeli yake, na ngeli inaamuru kitenzi na sifa na kiunganishi. Huwezi kuandika sentensi fupi bila kufanya uamuzi. Unahitaji neno la msamaha. Je, ni lile linalosemwa barazani deni linapofutwa, au lile la ndugu wanaokunywa pamoja baada ya ugomvi? Unahitaji neno la roho. Je, ukilitumia hili, mama mzee atasikia Mungu, au atasikia mzimu wa marehemu mumewe? Kamusi haikujibu hayo. Waliojibu ni watu: wazee, akina mama, vijana wa shule, wale wakimbizi wa Bunkeya ambao walijua neno fulani linafaa msibani na halifai harusini. Hao nao ni wafasiri. Ni nadra kusikia majina yao jina la Crawford linapotajwa, na hilo ni deni ambalo makanisa yetu hayajalilipa. Upande wa Zambia tunalo walau jina la Paul Mushindo wa misheni ya Lubwa, aliyefanya kazi miaka mingi pamoja na mmisionari MacMinn kuileta Biblia katika Kibemba.

Crawford alianza na Agano Jipya, kisha likafuata Agano la Kale, kazi ya miaka mingi. Juni 1926 alifariki Luanza kwa sababu ya jeraha dogo la mkono lililoingia sumu. Biblia nzima ya Kiluba-Sanga ilichapishwa mwaka 1928. Hakuiona.

Ufundi wa namna hii tunao pia katika Kiswahili tunachosoma kila Jumapili, ila tumeuzoea mno hata hatuuoni. Fungua mwanzo wa Injili ya Yohana katika Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952. Neno ni jina la ngeli ya li-ya, na sarufi ingedai “lilikuwako”. Wafasiri waliijua sarufi hiyo kuliko mimi. Lakini wakaandika “naye”, wakaandika “huyo”, kama mtu anavyosema juu ya mtu. Mwalimu wa shule ya msingi angepiga mstari mwekundu. Mama aliyeketi kwenye benchi la nyuma, ambaye hajawahi kukanyaga shule, anasikia silabi hizo na kuelewa mara moja kwamba Neno hili lina uso. Linganisha na Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond, iliyomo katika nyumba nyingi za Lubumbashi: pale Neno linaitwa “Elle”, kwa kuwa jina alilolitumia ni la kike, na likishachaguliwa Kifaransa hakina njia rahisi ya kulikwepa hilo. Kiswahili kilikuwa na njia, na wafasiri wakaifuata. Tangu mmisionari Krapf alipoanza kufasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, kupitia Agano Jipya la Askofu Steere la mwaka 1879 kule Unguja, hadi Biblia hiyo ya Union, ilipita zaidi ya miaka 100 ya kuupitisha wavu vidoleni.

Na Kiswahili kinatusaidia kwa namna nyingine. Imani, amini, amana, amina: yote ni ya ukoo mmoja, yametufikia kupitia Kiarabu, na ndugu zao wako katika Kiebrania cha manabii, ambako mzizi huo unabeba maana ya kitu kilicho imara, kisichoteleza ukikiegemea. Amana ni mali uliyopewa uitunze, nayo si yako. Paulo alimtaka Timotheo ailinde amana aliyokabidhiwa. Nikisema naiamini Biblia, nasema naiegemea, na nasema pia kwamba nimepokea kitu ambacho wengine walikitunza kabla yangu kwa macho yao na kwa mikono yao. Naamini Mungu ndiye aliyekilinda. Naamini alikilinda kwa kuwapa watu uvumilivu.

Kuiegemea kwenyewe nako kunataka uvumilivu huo huo. Desemba 2000 vita vilifika Pweto, na watu wakavuka mpaka kuingia Zambia kwa maelfu. Shangazi yangu alivuka na sufuria, blanketi, na Biblia iliyofungwa ndani ya plastiki. Katika kambi ya Kala, karibu na Kawambwa, wahubiri walikuwa wakiwafariji watu kwa aya moja ya Yeremia 29, ile inayopendwa sana, kuhusu mawazo mema ya Mungu na tumaini la siku za mwisho. Kila wiki waliahidi kwamba mwezi ujao wote watakuwa nyumbani. Shangazi aliisoma sura yote tangu juu. Akakuta kwamba ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu, na kwamba barua hiyo inawaambia wajenge, walime, wauombee mema mji walimo, kwa maana kurudi kutachukua miaka 70. Asubuhi yake alienda kuomba jembe. Alipanda viazi vitamu, akawasalimu majirani Wazambia, akaacha kuhesabu wiki. Waliosikiliza ile aya moja walivunjika moyo mwezi baada ya mwezi. Yeye alirudi Pweto akiwa mzima, na mpaka anafariki hakuwahi kusema kwamba Biblia ilimdanganya.

Vijana wakiniuliza kama kitabu hiki kinaweza kuaminiwa, najibu ndiyo, bila kusita. Nawaomba wakitendee kama walivyokitendea waliotuletea: wasome tundu baada ya tundu, pamoja na mahali wanapodhani ni pazima.

Na kama nyumbani kwenu, Luanza, Kilwa au Pweto kwenyewe, kuna nakala ya Biblia ya Kiluba-Sanga aliyoiacha babu, usiiache sandukuni iliwe na mchwa. Itoe wiki hii. Mtafute mzee anayeijua lugha hiyo, mwombe asome sura ya 40 ya Isaya kwa sauti, na umkalishe mtoto karibu naye.