Utulivu wa Ofisa

Nilikifungua The Wandering Falcon nikitafuta vita ninayoijua kutoka kwenye habari: Taliban na ndege zisizo na rubani. Sikuikuta. Jamil Ahmad alikuwa ofisa wa serikali ya Pakistan katika maeneo ya mpakani. Hadithi hizi aliziandika miaka ya 1970, zikachapishwa 2011, yeye akiwa tayari mzee.

Ninayoirudia ni ile ya wafugaji wahamaji. Miaka nenda miaka rudi wameshuka na ngamia wao kutoka Afghanistan hadi tambarare za Pakistan, wakivuka mstari uliokubaliwa na Waingereza na amiri wa Kabul mwaka 1893. Safari hii askari wanadai hati za kusafiria. Wanyama wana kiu. Mwanamke mmoja anajitwisha Msahafu kichwani, akiamini hakuna atakayethubutu kumpiga risasi, anatangulia. Rashasha zinalia. Msimulizi halaani wala haombolezi.

Kwenye semina niliusifu utulivu huo. Mwenzangu akaniuliza: ni utulivu wa nani? Akanikumbusha sheria ya mwaka 1901, iliyowaruhusu maofisa wa maeneo ya makabila kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Waingereza waliondoka, sheria ikabaki hadi 2018. Mwenye madaraka, alisema, hana sababu ya kupaza sauti.

Nilirudi kitabuni nikiwa nimeudhika, nikakuta ana haki nusu. Serikali inapoua, utulivu huo unaishtaki kuliko matusi. Wafugaji tumeshawasikia wakijieleza, kwa hiyo tunajua nani amenyamazishwa. Lakini msome Shah Zarina. Mumewe anamlaza dubu wake chumbani, mke analala nje. Anamkimbia, na mwisho wake ni soko ambako wanawake huuzwa. Sauti ya msimulizi ni ileile, kavu, ya kiungwana. Ila huyu hatukumsikia vya kutosha, na mauzo yake yanapita kana kwamba ni desturi nyingine tu ya milimani, ya kuandikwa kwenye faili.

Bado nitawashauri marafiki wakisome, kwa sababu kinawaonyesha Wapashtuni na Wabaluchi wakiwa watu kabla hawajageuzwa habari. Ila sitausifu tena utulivu wake wote kwa jumla. Kwa wafugaji, ulikuwa heshima. Kwa Shah Zarina, naona ofisa amefunga faili mapema.