Total Recall: shimo refu lisilo na jasho

Bandugu, nimeangalia tena Total Recall ya 2012, ile ya Len Wiseman na Colin Farrell. Wengi wanaisifu kwa risasi zake. Mimi niko nasema juu ya lile shimo. Lifti kubwa inapita katikati ya dunia, na kila siku inabeba wafanyakazi kutoka Australia kwenda kutumika Uingereza. Safari ni dakika 17.

Hesabu haikubali. Ukijiachilia tu uanguke, bila hewa, katika dunia yenye uzito sawa kila fasi, utavuka kwa dakika 42 hivi. Katika dunia ya kweli, yenye kiini kizito, ni 38. Ili kufika kwa 17 lazima lifti isukumwe kwenda chini, na abiria wangebandikwa kwenye dari. Tena filme inawaonyesha wakielea kidogo tu pale katikati. Anayeanguka bure anaelea tangu anapoachiliwa. Na mstari unaotoka Uingereza ukipita katikati haufiki Australia: unatokea baharini, upande wa New Zealand. Wetu wa Kolwezi ungetokea Pasifiki, kusini ya Hawaii, na maji yangetuingilia.

Hayo yote nayasamehe. Nisilosamehe ni hili: filme imepata wazo zuri, kwamba shimo ni njia ya mfanyakazi, kisha inaliacha ikimbilie bunduki. Hakuna anayetoka jasho, hakuna anayetafuta hewa. Warusi kule Kola walifika mita 12,262 tu, wakakuta joto la nyuzi 180. Katikati ya dunia ni zaidi ya 5,000.

Na sisi? Zoezi hili tunalifanya darasani, na mstari wa kwanza tunaandika: «tunapuuza hewa». Kwa karatasi ni sawa. Lakini hapa Kasulo watu walichimba mpaka ndani ya malupango yao. Sheria inawapa creuseurs mita 30, si zaidi. Anayeanguka mita hizo 30 anafika chini kwa sekunde 2.5, akiwa na mwendo wa kilomita 87 kwa saa. Na anayeshuka salama kwa kamba, kitu cha kwanza anachohitaji kule chini ni ile hewa tuliyoifuta.

Kesho baadhi yetu tutaweka sahihi kwenye plani za mashimo ya kweli. Tutakumbuka kuirudisha? Ba-mines, ba-physique, mnaonaje?