Kuona na Kuonea: Mfano wa Msamaria Ukisomwa Mang'ola

Katika lugha ya Kiswahili jicho lina kazi kubwa kuliko kutazama. Mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Na mambo hayo yote hayana umbo wala rangi. Vivyo hivyo mtu huona huruma. Msemo huu tumeuzoea hata hatuufikiri tena, lakini ndani yake imo hoja kubwa ya imani ya Kikristo, ya kwamba huruma ni namna ya kuona. Nakusudia kuichungua hoja hiyo kwa kuusoma mfano wa Msamaria, ulio katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, na kisha kuupima mahali pamoja katika nchi yetu, Mang'ola.

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko aliangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Ni rahisi kudhani kwamba wale wawili wa kwanza hawakumwona majeruhi. Sivyo. Injili imetumia kitenzi cha kuona mara tatu, mara moja kwa kila mpita njia. Macho ya mwili yalikuwa sawasawa. Tofauti ilianza baada ya kuona. Kwa Kiyunani, kitenzi kinachofuata kwa Msamaria kimetokana na jina la viungo vya ndani ya tumbo. Yaani, alichokiona kilimwingia matumboni. Wafasiri wa Biblia ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, walichagua kitenzi kifupi cha kuhurumia. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila imeuacha msemo wa watu, kumwonea mtu huruma, ambao ungaliliunganisha jicho na moyo.

Hata hivyo msemo huo una hatari yake. Kumwonea mtu huruma ni wema. Kumwonea mtu, pasipo neno la pili, ni kumdhulumu. Kitenzi ni kilekile. Lugha yatuonya ya kuwa mwenye huruma na mdhalimu waweza kusimama mahali pamoja, wote wawili wakimtazama kwa juu mtu aliye chini yao.

Onyo hili lina maana ya pekee Mang'ola, katika wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Maji ya chemchemi hunywesha mashamba ya vitunguu, na vitunguu vimewavuta wakulima na wachuuzi kutoka pande nyingi. Hapo hukutana Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na watu wa makabila ya Kibantu, ambao lugha zao hazina udugu. Kiswahili ndicho kiwakutanishacho. Basi mhubiri akiuliza hapo jirani ni nani, jibu jepesi li tayari: ni Mhadzabe, mwindaji asiye na shamba wala ng'ombe. Yeye ndiye alalaye njiani, nasi ndio wenye punda, mafuta na divai.

Jibu hilo limekwisha kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe huko Yaeda Chini, katika bonde lililo kusini mashariki mwa ziwa, wawe wakulima. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi wao walirudi porini, kwa kuwa waliowahurumia waliona walichokikosa, wasione walichokuwa nacho. Nacho si kidogo. Mwindaji akiua mnyama mkubwa, nyama huliwa na kambi nzima; hajisifu, wala hangojei shukrani. Mwanachuoni James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, ameeleza kwamba kugawana huko si hisani ya mwenye kutoa, bali ni haki ya mwenye kula.

Tukiurudia mfano, tutaona kwamba wenyewe walikataa jibu jepesi tangu mwanzo. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, akitafuta mtu wa kutendewa wema. Yesu akaligeuza swali, akamwuliza ni nani aliyekuwa jirani. Na jina lililopasa kutajwa ni la mgeni aliyedharauliwa. Kwa hiyo anayeusoma mfano huu Mang'ola kwa uaminifu hana budi kumweka Mhadzabe juu ya punda, na kujilaza yeye mwenyewe njiani.

Hapo ndipo huruma inapoachana na uonevu. Katika sura ya 9 ya Yohana, kipofu wa tangu kuzaliwa anapata kuona, na wale wanaojisifu kwamba wanaona ndio wanaobaki gizani. Kosa lao si udhaifu wa macho. Ni kukataa kufundishwa na mtu waliyemhesabu kuwa chini yao. Kuona kwa rohoni, basi, hakuishi katika kumwona maskini. Hutimia pale tunapokubali kuonwa naye, na kuonewa huruma naye.